Kuhesabu Wadudu Wachavushaji: Kazi ya Wataalamu na Watu wa Kujitolea

Mboga huwa na maua ya namna mbili katika mmea mmoja: ya kiume, yenye chavua, na ya kike, ambayo chini ya petali zake huonekana tangu siku ya kwanza kiboga kidogo mfano wa gololi. Maua hayo hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, wala hayafunguki tena. Chavua yake ni nzito na ina mnato, hivyo upepo hauwezi kuichukua. Katika saa hizo chache lazima nyuki au mdudu mwingine atoke katika ua la kiume na kuingia katika ua la kike. La sivyo, kiboga hugeuka manjano na kudondoka. Mkulima aonapo viboga vingi vimedondoka huilaumu mvua, au udongo, au mbegu. Ni nadra aulize kama mwaka huu wadudu walifika. Na hata akiuliza, aghalabu hakuna awezaye kumjibu, kwa sababu hakuna aliyewahesabu mwaka uliopita.

Shida hiyo si ya mkulima wa maboga peke yake. Duniani zipo spishi zaidi ya 20,000 za nyuki zilizopewa majina, na nyuki wa asali ni wachache mno miongoni mwao. Wengi waliobaki ni nyuki wapweke, yaani wasioishi katika jamii yenye malkia na vibarua: kila jike huchimba shimo lake ardhini, au hutafuta tundu katika mti mkavu, akawawekea watoto wake chavua na kuondoka. Tathmini iliyotolewa mwaka 2016 na jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, ilionyesha kuwa takriban robo tatu za mazao makuu ya chakula ulimwenguni hutegemea, kwa kiasi kikubwa au kidogo, wanyama wachavushaji. Nafaka hazimo katika hesabu hiyo, kwani mahindi, mpunga na ngano hutumia upepo au hujichavusha zenyewe. Matunda, mboga, kahawa, mbegu za mafuta na jamii nyingi za kunde zimo.

Pengine msomaji atafikiri kwamba mizinga ikiongezwa tatizo litakwisha. Si hivyo. Ua la biringani, kwa mfano, huihifadhi chavua yake ndani ya stameni zenye vitundu vidogo nchani, kama kikopo cha chumvi ya mezani. Ili chavua itoke, nyuki hulikumbatia ua na kuitetemesha misuli ya kifua chake kwa nguvu, na mlio wake husikika. Nyuki wa asali hana uwezo huo. Utafiti uliofanywa katika mashamba ya biringani huko Nguruman, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwataja nyuki wa porini kuwa ndio wachavushaji wa zao hilo, wakiwemo Xylocopa caffra, yule nyuki mkubwa atoboaye boriti na nguzo, na nyuki mpweke Macronomia rufipes. Mtu ahesabuye mizinga ya wilaya nzima hatajua lolote juu ya hali ya nyuki hawa wawili.

Namna gani basi ijulikane kama wanapungua? Idadi ya wadudu hupanda na kushuka sana mwaka hadi mwaka kwa ajili ya mvua, joto na chakula. Mwaka mmoja mbaya hauthibitishi kitu. Mwaka 2013 kundi la watafiti wakiongozwa na Gretchen LeBuhn wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco, Marekani, lilipiga hesabu ya kazi inayotakiwa. Waliona kuwa ili kugundua upungufu wa asilimia 2 hadi 5 kwa mwaka katika eneo kubwa, yahitajika vituo 200 hadi 250, vikichunguzwa mara mbili katika muda wa miaka mitano. Upungufu wa asilimia 5 kwa mwaka huonekana mdogo, lakini mwanafunzi aliyejifunza riba mchanganyiko ataona mara moja kwamba baada ya miaka 14 idadi ya awali itakuwa imebaki chini ya nusu. Nchi iliyo na wataalamu wa wadudu wasiozidi vidole vya mikono haiwezi kuvijaza vituo vyote hivyo kwa wataalamu. Hapo ndipo watu wa kujitolea wanapohitajika.

Mfano wa Krefeld

Mji wa Krefeld uko magharibi ya Ujerumani. Chama cha wapenzi wa wadudu cha mji huo kiliundwa mwaka 1905, na wengi wa wanachama wake wamekuwa watu wenye kazi nyingine, wasomao wadudu baada ya saa za kazi. Tangu mwaka 1989 chama hicho kilitega, katika hifadhi za asili, mitego ya namna moja tu: hema la chandarua lililobuniwa na Msweden René Malaise, ambalo mdudu arukaye akiligonga hupanda juu na kuangukia katika chupa ya alkoholi. Mitego ilikuwa ya kipimo kilekile na rangi ileile, na wadudu walipimwa uzito kwa njia ileile kila mara.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Katika vituo 63, na kwa muda wa miaka 27, uzito wa wadudu warukao ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 75. Habari hiyo ilisambaa ulimwenguni kote, na magazeti mengine yalitia chumvi. Inafaa kutazama kwa makini kile kilichopimwa. Kwanza, kilichopimwa ni uzito wa wadudu wote kwa jumla, wala si idadi ya spishi wala ya nyuki peke yao. Pili, vituo 37 kati ya 63 vilitegwa kwa mwaka mmoja tu, vingine 20 kwa miaka miwili, na sita tu kwa miaka mitatu au minne. Kwa hiyo ulinganisho haukuwa wa mahali palepale mwaka baada ya mwaka, bali wa mahali pengi pafananapo, na ilibidi hesabu za takwimu zitumike kuondoa tofauti za hali ya hewa na uoto. Kasoro hizo hazikuifuta habari yenyewe, maana upungufu ulikuwa mkubwa mno kufichika. Lakini lau chama hicho kingalibadilisha mtego wake mara mbili tatu katika miaka hiyo, chupa zote zile zisingalikuwa na thamani kubwa kuliko alkoholi iliyomo.

Dakika kumi mbele ya ua

Uingereza ina historia ndefu zaidi ya kazi ya namna hii. Mwaka 1976 ulianzishwa mpango wa kuhesabu vipepeo kwa njia iliyobuniwa na mwanaekolojia Ernest Pollard: mtu hutembea njia ileile kila juma kuanzia Aprili hadi Septemba, akihesabu vipepeo walio ndani ya upana wa meta 5 tu. Njia hiyo ilikuja kuigwa kwa nyuki. Shirika la Bumblebee Conservation Trust lina mpango uitwao BeeWalk, ambao wafuasi wake hutembea njia yao angalau mara moja kwa mwezi, kuanzia Machi hadi Oktoba, wakiwahesabu nyuki wanene wenye manyoya, wa jenasi ya Bombus. Kila mmoja huwaza kwamba mbele yake linakwenda sanduku lisiloonekana lenye upana wa meta 4, urefu wa meta 4 na kimo cha meta 2. Nyuki aliye nje ya sanduku hahesabiwi, hata awe mzuri kiasi gani.

Mwaka 2017 ukaanzishwa mpango mwingine wa taifa unaosimamiwa na Kituo cha Uingereza cha Ekolojia na Haidrolojia, na huu ndio unaowafaa zaidi walimu, kwa kuwa haudai ujuzi wa majina ya spishi. Mshiriki huweka fremu ya mraba yenye upana wa sentimeta 50 kila upande juu ya maua ya aina moja. Huhesabu kwanza maua yaliyomo. Kisha hukaa kimya kwa dakika 10 na kuandika kila mdudu atuaye juu ya maua hayo, akimtia katika kundi lake: nyuki wa asali, Bombus, nyuki wapweke, nyigu, nzi wa maua wenye milia kama nyigu, nzi wengine, vipepeo na nondo, mbawakawa, wadudu wadogo wasiozidi milimeta 3, na wengineo. Hali ya hewa nayo ina masharti: siku ya jua, joto lisipungue nyuzi 13 za sentigredi, siku ya mawingu, nyuzi 15.

Sambamba na hesabu hizo, mpango huo una vituo maalumu vyenye ukubwa wa kilometa mraba moja kila kimoja, ambako huwekwa bakuli za maji zenye rangi nyeupe, manjano na buluu. Wadudu wavutwao na rangi hunaswa humo, na wataalamu huwatambua mpaka spishi kwa hadubini. Huu ni mgawanyo mzuri wa kazi. Wengi wasio na ujuzi hutoa hesabu nyingi za makundi, na wachache wenye ujuzi hutoa orodha fupi ya spishi, na kila upande huusahihisha mwingine.

Kumbukumbu za watu wa kujitolea zimezaa nini? Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa spishi 353 za nyuki wa porini na nzi wa maua wa Uingereza, kati ya mwaka 1980 na 2013, uliotumia kumbukumbu zaidi ya 700,000. Theluthi moja ya spishi zilikuwa zimepungua maeneo zilimoonekana, na kama sehemu moja ya kumi zilikuwa zimeongezeka. Kadhalika ni watu wa kujitolea walioifuatilia safari ya Bombus hypnorum, nyuki aliyeonekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2001, katika jimbo la Wiltshire, kisha akaenea kuelekea kaskazini. Hesabu nzuri haitafuti msiba tu. Humwona ajaye kama imwonavyo aondokaye.

Makosa na namna ya kuyapunguza

Wanasayansi wengi walizidharau kazi hizi kwa muda mrefu, wakisema kuwa mtu asiyesomea wadudu hawezi kuaminiwa. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Nzi Eristalis tenax, ambaye hupatikana karibu duniani kote, hufanana sana na nyuki wa asali hata huwadanganya watu wazima. Dawa yake ni kumfundisha mwanafunzi kutazama mambo matatu kabla ya rangi: nzi ana mabawa mawili, nyuki ana manne, vipapasio vya nzi huyu ni vifupi sana, vya nyuki ni virefu, na macho ya nzi huchukua sehemu kubwa ya kichwa. Rangi ni shahidi mbaya. Katika spishi kadhaa za nyuki watoboao mbao, dume ni wa manjano na jike ni mweusi, na mwanafunzi asiyejua atawaandika kuwa aina mbili.

Kosa la aina hiyo, hata hivyo, si baya kuliko yote, kwa kuwa likirudiwa kwa kiwango kilekile kila mwaka, mwelekeo wa idadi bado utaonekana. Kosa libadilikalo ndilo la hatari: mwaka wa kwanza darasa lilihesabu asubuhi, mwaka wa pili likahesabu alasiri, au mwaka wa kwanza walihesabu wanafunzi watano, wa pili hamsini. Hapo wadudu wataonekana kupungua au kuongezeka, kumbe kilichobadilika ni wahesabuji.

Idadi ya maua nayo hupotosha. Ichukuliwe kuwa fremu moja ilikuwa na maua 40 na wadudu 12, na nyingine maua 15 na wadudu 9. Mwenye haraka atasema ya kwanza ilikuwa na wadudu wengi zaidi. Lakini ya kwanza ilipata mdudu 0.3 kwa kila ua, na ya pili 0.6, yaani mara mbili. Ndiyo maana maua huhesabiwa kabla ya wadudu.

Halafu kuna sifuri. Mwanafunzi aliyekaa dakika kumi bila kumwona mdudu huona haya kupeleka karatasi tupu, na huenda akaongeza nyuki wawili ili amfurahishe mwalimu. Karatasi tupu ndiyo iliyobeba habari kubwa, na mwalimu hana budi kuipokea kwa heshima ileile. Zikiondolewa sifuri zote, wastani utapanda katika mwaka ule hasa ambao wadudu walikuwa haba, na upungufu utafichika mpaka umechelewa kutibika.

Kutokuonekana, kwa upande mwingine, si sawa na kutokuwapo. Ichukuliwe kuwa nyuki fulani yupo katika bustani, na uwezekano wa kumwona katika ziara moja ni 0.4. Uwezekano wa kumkosa ni 0.6. Kumkosa katika ziara tatu mfululizo ni 0.6 × 0.6 × 0.6, yaani 0.216, zaidi ya mara moja katika kila tano. Ziara zikiwa sita, uwezekano huo hushuka hadi kama 0.047. Kwa hiyo darasa lililokwenda mara tatu halina haki ya kutangaza kwamba nyuki huyo ametoweka. Lililokwenda mara sita lina hoja. Kumbukumbu zile 700,000 zilichambuliwa kwa msingi wa fikira hii, ingawa hesabu zake ni ndefu zaidi.

Masharti yasiyohamishika kama yalivyo

Shule ya Afrika ya Mashariki itakayoichukua karatasi ya Uingereza na kuitumia bila kuibadilisha itajisumbua bure. Safu ya Bombus itakuwa tupu daima, kwa kuwa jenasi hiyo haina spishi za asili kusini mwa Sahara. Mahali pake yafaa ziwekwe safu mbili: nyuki wakubwa watoboao mbao, wa jenasi ya Xylocopa, na nyuki wadogo wasiouma, ambao baadhi yao hawazidi ukubwa wa sisimizi na hutengeneza asali katika mapango ya miti na kuta. Msomi atakayewatia hawa katika safu ya wadudu wadogo atakuwa amewapoteza kabisa.

Nyuki wa asali naye hana maana moja mahali pote. Kule Uingereza wengi wao ni wa mizinga, yaani ni mifugo, na idadi yao huonyesha bidii ya wafugaji kuliko hali ya pori. Afrika ni kwao. Makundi mengi huishi porini bila mwenyewe, hivyo ni haki kumhesabu pamoja na wachavushaji wa porini. Ni mkali pia. Wanafunzi wasipange fremu karibu na mzinga au pango lenye kundi, na mwenye mzio wa sumu ya nyuki apewe kazi ya kutunza saa na daftari mbali na maua.

Msimu wa Aprili hadi Septemba hauna maana karibu na ikweta. Kinachoongoza maua hapa ni mvua, kwa hiyo afadhali hesabu zipangwe kwa masika na vuli, kila moja na mwisho wake, na tarehe iandikwe pamoja na siku ya mvua ya mwisho. Sharti la nyuzi 13 litahusu nyanda za juu peke yake, mfano Njombe au Lushoto asubuhi ya Julai. Pwani adui wa hesabu ni joto la mchana, kwani wadudu wengi hupumzika. Saa nazo zifuate ua lenyewe: maboga tangu saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, na pasheni ya zambarau vilevile mapema, lakini pasheni ya manjano mchana, kwa kuwa maua yake hufunguka karibu na adhuhuri.

Vifaa ni vichache: vijiti vinne vya sentimeta 50 vilivyofungwa kamba, saa, penseli na daftari gumu. Daftari liwe la shule, lisiwe la mwalimu. Mwalimu huhamishwa, na akiondoka na daftari ameondoka na miaka yote. Ukurasa wa kwanza uwe na ramani ya bustani iliyochorwa kwa hatua kutoka mahali pasipohama, kama vile pembe ya jengo, ili darasa la miaka kumi ijayo liweze kuiweka fremu palepale.

Mazoezi

1. Darasa limegawanywa katika makundi manane, na kila kundi limehesabu wadudu kwa dakika 10 katika maua ya mboga. Matokeo ni 7, 0, 4, 11, 0, 5, 3 na 2. Tafuta wastani, kisha uondoe sifuri na utafute tena. Eleza tofauti hiyo ingemdanganya nani, na kwa namna gani.

2. Wanafunzi wawili waitazame fremu moja kwa wakati mmoja bila kusemezana, kisha walinganishe karatasi zao kundi kwa kundi. Rudieni mara tano. Ni kundi lipi la wadudu linaloleta mabishano zaidi, na ni alama gani ya mwili ingeyamaliza?

3. Funika maua matano ya kike ya mboga kwa mifuko ya chandarua jioni kabla hayajafunguka, na uache mengine matano wazi. Yaliyofunikwa yaondolewe mifuko siku ya pili jioni. Baada ya siku kumi hesabu viboga vilivyobaki katika kila kundi, ukavipime kwa rula. Andika pia idadi ya wadudu walioonekana asubuhi ile, hata ikiwa sifuri.